Springi za Mbele za Kukhu

Wiki iliyopita mjukuu wangu alikuja kutoka mjini na springi mbili, akazilaza kwenye veranda niliyokuwa nimetoka tu kupiga deki. Kijana huyu ana ugonjwa wa magari ya kale. Amenunua moja ambalo mimi ningelifanya ghala la kuni, analipangusa kila Jumapili kama mtoto mchanga, na sasa alikuwa na shida. Gari limeinamisha pua, na hajui aliwekee springi gani mbele, ile ngumu au ile laini. "Kukhu," akaniambia akicheka, "si baba yako alikuwa fundi? Nichagulie basi." Nikainama nizitazame. Harufu ya grisi kuukuu na kutu ikanipanda puani, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimemfokea aziondoe mbele ya macho yangu. Maskini, akaziondoa. Alifikiri ni hasira za veranda.

Mimi nami niliwahi kumwita mtu Kukhu, na kuna jambo langu na huyo bibi ambalo sijamwambia mtu, hata marehemu mume wangu. Ninyi wa rika langu mtanielewa, maana nanyi mlilelewa bila kuelezwa chochote. Siku zile mtoto aliambiwa "nenda ukachote maji", basi. Mengine ulijisomea mwenyewe kwenye nyuso za watu, na ukisoma vibaya, shauri yako.

Tuliishi mahali panapoitwa Kwanza, upande wa Kitale, kwenye shamba la mzungu, na baba alikuwa fundi wa mashine zake. Vita vya Hitler vilikuwa vimekwisha. Yule mzungu alipoamua kurudi kwao alimwachia baba gari bovu lililolala nyuma ya ghala, kuku wakitagia chini ya usukani. Lilikuwa zee hata wakati huo. Baba alilikata nyuma akalijengea kitanda cha mbao cha kubebea mahindi, na chini yake akatia springi za nyuma za lori la jeshi, ili libebe magunia kumi bila kulalamika. Mbele aliliacha na springi zake za kuzaliwa nazo, zilizochoka kabisa, kwa hiyo lilitembea limeinamisha kichwa. Watu wa Kwanza waliliita Kondoo. Baba alicheka nao. "Hata kondoo hufika sokoni, bana."

Kukhu, mama yake mama, aliishi Myanga, mbali huko Bungoma, na sisi tulimwona Krismasi tu. Na kila Krismasi nilimwona akimkimbia baba yangu. Ninasema kumkimbia, si mzaha. Baba akitokea njiani, Kukhu alijitanda shuka kichwani akaingia kwenye mahindi, mwanamke mzima, akasimama humo amegeuka mpaka baba apite. Na baba naye! Alishuka kwenye baiskeli, akatazama upande mwingine kama mtu aliyedondosha kitu. Hawakusalimiana mikono. Hawakula nyumba moja. Wakitaka kuambiana neno walinituma mimi, mmoja yuko nyuma ya ghala, mwingine jikoni, hatua kumi na tano tu. "Nasimiyu, mwambie baba yako mbuzi amefungwa." Na baba ameshasikia, lakini anangoja nifike nimwambie.

Mimi nilijua tafsiri yake. Kukhu alimchukia baba yangu. Sikujua kosa lake ni nini, lakini niliona namna alivyomfichia uso, na nikaapa moyoni kuwa upande wa baba. Nilikuwa na miaka minane. Shambani kwetu Kwanza tuliishi na watu wa kila kabila, wakwe zetu wako mbali, nani angenifundisha kwamba ile ndiyo heshima yenyewe ya mkwe na mama mkwe? Nilikuja kuelewa nilipoolewa, siku mama yangu alipomwona mume wangu sokoni, akaacha kikapu cha nyanya akaingia mbio kwenye duka la nguo. Nilisimama pale sokoni nikalia, watu wakadhani nimeibiwa.

Basi, mwaka ule, kabla ya mavuno, Kukhu alianguka. Alikuwa akishuka kutoka kwenye ghala lake la mtama, ngazi ikateleza. Mfupa wa nyonga ukavunjika. Dispensari walimfunga mbao, wakasema huyu apelekwe hospitali kubwa ya Kitale, lakini abebwe polepole, mfupa usitikiswe, kwani ukichoma ndani mambo yataharibika. Abebwe na nini sasa? Gari moshi lingemzungusha hadi Eldoret ndipo lirudi Kitale. Malori ya mahindi yalirusha hata magunia. Likabaki Kondoo.

Mama alitaka waende siku hiyo hiyo. Baba akakataa. Akafungua boneti, akalala chini ya gari, akatoka na uso umemshuka. "Springi za mbele zimekufa," akasema. "Nikimpakia hivi nitamuua barabarani." Mpango ulikuwa Kukhu akae mbele, kiti cha mbele kikiwa na godoro la manyoya ya kondoo. Baba mwenyewe asingeendesha, hilo halikuwa hata jambo la kujadiliwa. Rafiki yake Bakari, dereva aliyekaa karibu na msikiti pale Kitale, ndiye angeshika usukani, na baba abaki Kwanza. Kazi ya baba ilikuwa moja tu, kukifanya kiti kile kiwe laini.

Wiki tatu alichagua springi. Wiki tatu, na ninaweza kuwaambia kila siku yake.

Springi zile hazikuwa za kujiviringa kama za mjukuu wangu. Zilikuwa mabapa ya chuma yaliyopinda kama upinde, refu juu, fupi chini, yamefungwa pamoja katikati. Za kwanza alizitoa kwenye lori jingine la jeshi, zikaja zimebebwa na punda. Alizining'iniza kwa kamba kwenye tawi, akazigonga kwa nyundo ndogo, akasikiliza amefumba macho. Chuma kizima kilisema ngiii, kikachukua muda kunyamaza. Kilichopasuka kilisema ka, basi. Zile ziliimba vizuri kweli. Akazifunga, Kondoo akainua kichwa, watu wakapiga makofi. Kisha baba akaniweka kwenye kiti cha mbele na kibuyu cha maziwa mapajani, kimejaa mpaka shingoni, hakina kizibo. "Usikizuie, mama," akaniambia. Aliniita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. "Kiache kiende kinavyotaka. Hicho ndicho Kukhu wako." Kabla hatujafika mtoni, nusu ya maziwa ilikuwa kwenye gauni langu.

Za pili alizipata Kitale, kwa Mhindi aliyeuza vyuma chakavu, kutoka kwenye gari ndugu la letu, la aina ile ile. Hizo zilikuwa laini, ziliteremka kwa upole kama mtu anayeketi. Nikafurahi. Halafu likaja shimo, zikakosa pa kwenda, chuma kikagonga chuma, nikajing'ata ulimi. Kibuyu kiliruka kikavunjika. Baba hakunigombeza. Alizima gari akakaa palepale amelaza paji la uso kwenye usukani.

Nyumbani mama alikuwa amefura kwa hasira. "Mama yangu analala chali kule Myanga, kidonda kinamla mgongo, na wewe unacheza na vyuma!"

"Haraka haraka haina baraka, mama Nasimiyu."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo! Ama hiyo hukuisikia?"

Baba akachukua nyundo yake akatoka. Usiku huo hawakula pamoja, na mimi nikaona ya kwangu tu: hata akiwa amevunjika, Kukhu bado anamletea baba matata.

Asubuhi alizifungua zote, za lori na za Mhindi, akatandaza mabapa juu ya gunia, akayachagua kama mama anavyochagua mbegu za maharagwe. La juu la gari ndugu, mawili membamba ya lori, mengine tena ya gari ndugu. Hakutia hata moja motoni, alisema chuma cha springi kikipikwa ovyo hupoteza roho. Kati ya bapa na bapa alipaka grisi iliyochanganywa na mafuta ya ng'ombe, na harufu yake ilikaa mikononi mwake mpaka ugali ukanuka grisi. Kisha alitaka kuweka mawe kitini yenye uzito wa Kukhu, apime springi zinazama kiasi gani. Hapo akakwama. Mwanamume hawezi kutamka uzito wa mwili wa mama mkwe wake, hata kwa mkewe. Aliniita kando, akatazama miguu yake, akauliza, "Nasimiyu, yule mtu wa Myanga... ni kama nusu gunia, ama zaidi?" Nikamwambia zaidi kidogo. Akanishukuru huku anaona haya.

Tukaenda naye mpaka barabara ya Kapsokwony kwa majaribio, kwani baba alisema barabara ile ikishindwa kumwaga maziwa, ya Myanga haiwezi. Tulipanda, tukateremka, mawe matupu, mifereji ya mvua imekata njia. Nilikuwa na kibuyu kipya mapajani. Tulipofika chini baba aliomba kukiona. Hakuna tone lililotoka. Akakinywa chote kwa mkupuo mmoja, akacheka na povu la maziwa kwenye masharubu. Sijapata kumwona tena akicheka vile.

Sasa sikilizeni. Katika wiki hizo tatu hakuna mtu, si baba, si mama, si Bakari, si wale majirani waliokuja kutoa maoni, aliyewahi kutazama springi za nyuma. Za nini? Nyuma ni pa mahindi.

Siku ya safari ikaja habari kutoka Kitale. Bakari amefiwa na mtoto wake wa pili, alfajiri, na wanazika siku hiyo hiyo. Utamwambia nini mtu kama huyo? Baba alisema tungoje kesho, keshokutwa. Jioni ikaja habari ya pili, kutoka Myanga, kwamba Kukhu ana homa na mguu umebadilika rangi.  Mama alikaa chini kwenye majivu ya jikoni, na tumbo lake kubwa la mimba, akamtazama baba. Asubuhi baba akawasha gari, mama na mimi tukapanda naye.

Tulifika Myanga jua likiwa la utosi. Baba alisimamisha gari mbali na nyumba, akashuka, akaenda kusimama nyuma ya ghala na mgongo kwetu. Wajomba zangu wawili walimtoa Kukhu na kitanda chake. Alikuwa amekwisha, macho tu. Wakamwelekeza mlango wa mbele wa gari, kwenye godoro la manyoya, na hapo akauliza nani anaendesha.

Mama akamwambia.

"Basi nirudisheni ndani," Kukhu akasema.

"Mama, tafadhali. Ugonjwa hauna mila. Baba Nasimiyu hatakutazama, atatazama barabara."

"Unataka nimkalie mkwe wangu bega kwa bega? Anuse kidonda changu? We mtoto, nilikuzaa bila aibu, na nitakufa bila aibu. Nirudisheni."

Mjomba mkubwa akasema wazee wangeweza kuitwa, zawadi zitolewe, mwiko ufunguliwe ili wakaribiane. Lakini wazee wenyewe walikuwa matangani, ng'ambo ya mto. Mama akaanza kulia kwa sauti. Akakimbilia nyuma ya ghala, nami nikamfuata, akamshika baba shati. "Mwambie wewe! Ukisema wewe atakubali!"

Na baba, aliyelala chini ya gari wiki tatu kwa ajili ya mwanamke yule, akatikisa kichwa bila kugeuka. "Asilazimishwe," akasema. "Hata mimi siwezi, mama Nasimiyu. Nitashikaje usukani mguu wake uko hapa? Mwekeni nyuma."

Kwa hiyo wakamlaza nyuma. Baba alijaza mchanga kwenye magunia mawili ili kitanda kile cha mbao kitulie kidogo, wajomba wakatandika nyasi, blanketi, na lile godoro. Magunia yalikula nafasi, ikabaki ya mtu mmoja mdogo. Mama alitaka kupanda, Kukhu akamwamuru akae mbele kwa sababu ya mimba. Mjomba angefuata kwa baiskeli. Nikapanda mimi. Baba akanipa maagizo akiwa ametazama tairi. "Akiumia, gonga mbao mara mbili, nitasimama. Hata kama ni mara mia."

Kitanda kile kilijengewa magunia kumi ya mahindi, na kilibeba mawili ya mchanga, kikongwe na mtoto. Springi za lori hazikusikia hata kwamba kuna watu. Kila jiwe lilitupiga. Mbele nilimwona mama kupitia kidirisha, kichwa chake kikipanda na kushuka taratibu, taratibu, kama mtu kwenye kiti cha bembea, na sisi nyuma tunarushwa. Shimo la kwanza tu Kukhu akatoa sauti ambayo sijaisikia tena duniani, na nimezaa watoto sita. Nikainua ngumi nigonge mbao.

Akanidaka mkono. Vidole vyake vilikuwa vya moto. "Usigonge," akasema. "Asisimame kwa ajili yangu."

Nikasikia hivi: sitaki chochote cha baba yako. Na hasira ikanishika, ninaisema kama ilivyokuwa. Nikakumbuka maziwa, kibuyu, baba amelaza paji kwenye usukani. Nikasema moyoni, haya basi, kama kiburi chako ni kikubwa hivyo, umia. Ningeweza kugonga kwa mkono mwingine. Ningeweza kupiga kelele, mama alikuwa hatua mbili mbele yangu. Sikugonga. Nilikaa nikatazama vumbi, naye akanishika kifundo cha mkono, na kila shimo akanibana, Bungoma yote, mpaka Kimilili. Baada ya Kimilili alibana kidogo. Kisha akaacha. Nikafikiri amelala, na nikafikiri, ona sasa, gari la baba si baya.

Kitale baba alisimamisha gari mbele ya hospitali, akashuka, akasimama na mgongo wake kwetu. Uso wa mama ulikuwa umetulia, safari haikumchosha hata kidogo. Baba akauliza kupitia kwangu, kama kawaida yao, "Muulize Kukhu, gari halikumsumbua?"

"Amelala," nikasema.

Mama ndiye aliyepanda kumwamsha.

Tulimrudisha Myanga na gari lile lile, na safari hii alilala nyuma bila shida. Watu walisema mengi matangani. Wengine walisema baba angemchukua siku ya kwanza, na springi zake mbovu, na Bakari akiwa bado hajafiwa, mama mkwe wake angekuwa hai. Walisema kwa sauti ya kumfikia. Mama hakumtetea. Hakumtetea siku ile, wala miaka yote waliyoishi pamoja baadaye, na chakula alimwekea mezani akaondoka.

Kabla ya kuzika baba alinitafuta. Alinikuta nyuma ya jiko, akachuchumaa ili macho yetu yalingane, na mikono yake bado ilinuka mafuta ya ng'ombe. Hakuwa amelala. "Mama," akaniambia, "wewe ndiwe ulikuwa naye. Alisema neno njiani? Aliumia?"

Nilikuwa na neno lake mdomoni. Lakini mimi niliamini ni neno la chuki, na baba alikuwa amebaki mifupa, nikaona nikimpa na hilo atavunjika mbele yangu. Sikujua kwamba lilikuwa neno la heshima, na kwamba ninashika kitu pekee ambacho mama mkwe wake alimwachia. Nilipokuja kujua, nilikuwa nimeshaolewa, baba naye ameshazeeka, na kumpa lile neno kungekuwa pia kumwambia yaliyolizunguka, yule bibi akisagika mifupa na mimi nimekaa na ngumi yangu. Nikanyamaza mpaka tukamzika baba naye.

"Hakuumia," nikasema. "Hakusema kitu. Alilala njia nzima."

 Baba akanishika kichwa kwa mikono miwili. "Asante, mama," akasema. "Basi nilizichagua vizuri." Akasimama, akavaa kofia, akaenda kusimama mbali na kaburi, kule anakosimama mkwe.